Kanda ya Akina Mama wa Ahero

(Nimenakili kutoka kwenye shajara yangu ya miaka ya tisini, enzi za kanda za video. Nimebadilisha majina tu, hasira nimeiacha ilivyokuwa.)

Jumapili, jioni. Kisumu.

Joto la leo halina adabu. Mvua ilijikusanya upande wa ziwa tangu mchana, ikanguruma, ikaghairi. Viatu vyangu vina tope la Ahero, nimeviacha mlangoni. Nimekaa kitandani na sketi niliyoshinda nayo na sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Nimesalitiwa.

Neno hilo nimeliandika kwanza ili nisije nikalizunguka. Mimi ni mtu wa kufanya mzaha nikiumia, na leo mzaha haunisaidii.

Nieleze basi kwa utaratibu. Tangu mwanzo wa mwaka, mimi na Okoth tumekuwa tukitengeneza filamu fupi za kutangaza tamasha la muziki litakalofanyika hapa ufukweni. Kamati ya tamasha ina pikapu, na juu ya pikapu kuna runinga kubwa, jenereta na spika. Inazunguka sokoni na kwenye kumbi za vijijini, watu wanatazama, wanajua tamasha linakuja. Mimi ndiye ninayeongoza na kuhariri. Okoth anatafuta kazi, anaongea na wakubwa, anashika taa na kufukuza watoto wanaosimama mbele ya kamera.

Okoth si mtu wa kando. Ndiye aliyenifundisha kamera nilipomaliza shule, wakati baba yangu alidhani nitakaa dukani kumsaidia kuuza vipuri vya baiskeli. Tumepiga harusi pamoja, tumepiga mazishi mengi kuliko harusi, maana huku jamaa wanataka video ya matanga kuliko ya kitu kingine chochote. Tumekula ugali wa matanga sahani moja, tumekimbizwa na shemeji mlevi aliyedai hatukumpiga picha akilia. Nilidhani mtu ukishakimbia naye hivyo, basi.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya ziwa. Mwenyekiti wa kamati alitaka ziwa lisilo na magugumaji. Nikamwambia, mzee, ziwa lenyewe siku hizi ndilo hilo la kijani. Akaniambia nitafute pembe ya kamera yasikoonekana. Nikatafuta pembe mpaka nikaingia majini na viatu. Ya pili ilikuwa ya vijana wapiga gitaa wa mtaa wa Obunga, na mpaka leo nikiitazama nasikia harufu ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayokaangwa pale walipokuwa wanafanya mazoezi. Filamu zote mbili zilipendwa. Lakini zilikuwa kazi tu.

Ya tatu ilikuwa yangu.

Ilikuwa ya akina mama wa Ahero, wakulima wa mpunga, wanaoimba dodo. Dodo ni wimbo wa wanawake, mabega yanacheza, sauti moja inaongoza na nyingine zinaipokea. Kiongozi wao ni Mama Dorina, mjane mrefu mwenye sauti ya kupasua bati. Kamati ilikuwa imekubali kwamba wao ndio watakaofungua tamasha, na filamu hiyo ndiyo ingewatambulisha. Walishona sare. Walifanya mazoezi wakitoka shambani, miguu bado ina matope. Mimi ndiye niliyewapelekea habari hiyo kwa mdomo wangu, wakanishangilia, wakanilisha wali mpaka nikashindwa kuinama kufunga begi la kamera.

Siku ya kupiga filamu likatokea jambo ambalo sikulipanga. Huku kwetu wimbo haupigwi tu mpaka uishe. Mtu akiguswa anasimama, anarusha sarafu, muziki unanyamaza, naye anajisifu na kuwasifu wapendwa wake, jina kwa jina, na kwao na ukoo wao. Hiyo ndiyo pakruok. Na aliyetoa sarafu yake hakatizwi mpaka amalize mwenyewe. Hata awe anaropoka, mnamngojea.

Katikati ya wimbo Mama Dorina akausimamisha wimbo wake mwenyewe. Akatupa sarafu chini. Alichanganya Kijaluo na Kiswahili kwa makusudi, ili watu wa tamasha wasikose kitu.

"Chung'! Simameni! Mimi Dorina nyar Kano, mama ya mpunga! Maji ilibeba nyumba yangu, ikabeba na kuku, mimi nikabaki! Na huyu nyathina, Wanjiru, huyu wa jicho moja ya kioo. Mtu asiniulize kwao ni wapi. Kwao ni hapa. Nyar Kano!"

Nyathina ni mtoto wangu. Nyar Kano ni binti wa Kano, na Kano ndiyo ile nchi yote tambarare ya Ahero. Wanawake wakapiga vigelegele na wimbo ukaendelea.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nikilia jicho moja, lile lingine likiwa na kazi.

Nani ataelewa kwa nini nililia? Nimezaliwa Kisumu. Kijaluo nilikijua barabarani kabla sijajua Kikuyu cha nyumbani vizuri. Lakini miaka hii watu wameanza kuulizana kwenu ni wapi, wanauliza wakitabasamu, na ukisema "hapa" wanangoja useme tena. Wakati wa uchaguzi baba alifunga duka, akakaa ndani akipanga na kupangua minyororo ya baiskeli kana kwamba ni kazi ya maana. Mimi sikuwahi kumwomba mtu yeyote aniite wa hapa. Mama Dorina aliniita bila kuombwa, mbele ya kamera, kwa sarafu yake.

Nilihariri filamu ile kwa upendo. Tuna mashine mbili za video kwenye chumba chetu nyuma ya duka la fundi wa redio. Moja inacheza, nyingine inarekodi, na kidole chako ndicho mkasi. Ukichelewa kidogo unaanza upya. Ile pakruok niliiacha nzima bila kukata hata pumzi. Kanda ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera, niliivunja kile kipande kidogo cha plastiki cha pembeni ili mashine isiweze kurekodi juu yake. Nikaandika kwa kalamu nene: Ahero, akina mama, isifutwe.

Kisha baba akashikwa na malaria, nikabaki nyumbani kumuuguza. Okoth akasema atapeleka filamu kwa kamati yeye mwenyewe. Nikamshukuru. Kweli, nilimshukuru, nikamwambia yeye ni ndugu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuionyesha Ahero. Baba amepata nafuu, nikavaa vizuri, nikaenda. Okoth na pikapu walikuwa huko tangu jana wakibandika matangazo. Nilifika watu wakitoka kanisani, ukumbi wa wakulima umeshazibwa madirisha kwa magunia ili mwanga usiingie, runinga imeshaingizwa ndani, na akina mama wamekaa mbele na sare zao. Walikuwa wamependeza. Nikaenda mbio kumsalimia Mama Dorina, mikono nimeshatanua.

Akanipa mkono. Mkono tu.

"Karibu, madam," akasema. "Keti pale nyuma, pale kuna hewa."

Madam. Nilitazama nyuma yangu nione kama kuna mwalimu au muuguzi ameingia. Nikakaa. Nikajiambia labda ni heshima kwa sababu ya wageni wa kamati. Mtu anayependa kupendwa ni hodari wa kujitafutia maelezo, na mimi ni mmoja wao.

Filamu ikaanza. Picha ya kwanza ni yangu, maji ya mashamba ya mpunga asubuhi, hiyo hawakuigusa. Baadaye akina mama wakatokea, na ukumbi ukapiga makofi, halafu makofi yakafifia. Sauti haikuwa yao. Ilikuwa bendi ya gitaa, ile ya hoteli inayofadhili tamasha, imerekodiwa juu ya wimbo wao. Midomo ya akina mama inafunguka, gitaa linatoka. Mabega yanacheza wimbo ambao haupo. Mtoto mmoja akacheka kwa nguvu, na simlaumu, ilichekesha kweli.

Halafu hata picha zao zikaisha. Ikaja bendi yenyewe, vijana wenye mashati ya kung'aa kando ya bwawa la kuogelea, na maandishi kwamba wao ndio watakaofungua tamasha. Pakruok haikuwepo. Mama Dorina akitupa sarafu, hayupo. Jina langu kinywani mwake halipo.

Mwisho likaja bango la majina. Mabango yetu mimi huyaandika kwa mkono kwenye kadibodi nyeusi kwa rangi nyeupe, kisha tunayapiga picha. Lilikuwa bango langu, mwandiko wangu, ila limekatwa kwa mkasi na upande wenye jina langu umetolewa. Imeongozwa na kuhaririwa na Okoth. Kwa herufi zangu mwenyewe, na ile O niliyoipamba kwa sababu nilimpenda rafiki yangu.

Nikainuka. Nilitaka kusema kitu, sijui nini, labda nilitaka tu kupiga kelele. Lakini Mama Dorina aliniwahi. Alisimama, akatoa sarafu kwenye fundo la leso yake, akaigonga juu ya runinga.

"Chung'!"

Mwendesha mashine ni kijana wa huku huku. Alisimamisha kanda bila hata kufikiri, kama vile angemsimamisha mpiga orutu, lile zeze letu.

Na mimi mjinga nikatabasamu. Nilidhani sasa atasema. Nilidhani atatutetea sote.

"Mimi Dorina nyar Kano," akasema, na sauti yake haikupasua kitu leo. "Sisi tumetolewa kwa picha yetu. Sawa. Mwenye kutoa ametoa, ameona sisi ni watu wa matope. Lakini nasifu Okoth, mtoto wa dada yetu. Yeye alitupigania kwa komiti. Yeye alikuja jana akatuambia ukweli, kwamba huyu madam wa kamera ndiye alisema tukatwe. Okoth, wewe ni wa hapa. Usichoke na sisi."

Akina mama wote wakageuka wakanitazama.

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana. Walinitazama kwa huzuni, kama mtu ambaye walimlisha. Na kwa desturi yetu sikuweza kumkatiza, kwa kuwa sarafu yake ilikuwa imelala pale juu ya runinga. Nilingoja amalize. Alipomaliza nikafungua mdomo nikagundua nikitoa neno moja nitalia mbele ya ukumbi mzima, na kilio changu wangekiita kukiri. Nikatoka nje. Sasa naona kwamba kutoka nako wamekuita kukiri.

Okoth alikuwa amejificha nyuma ya pikapu akijifanya anakagua jenereta.

Nilimuuliza kwa nini. Hakukana, hilo nampa. Alisema mfadhili alitaka bendi yake, na kamati ikasema akina mama wataje wanaotaka kutaja kwenye wimbo wao, lakini hilo jina Wanjiru kwenye filamu ya tamasha litaleta maneno wakati kama huu.

"Sasa mimi ningefanya nini?" akasema. "Ningekuambia ungekataa. Kazi ingekwenda kwa mtu mwingine, tukose wote."

"Kwa hivyo ukakata."

"Nikakata. Lakini si roho mbaya, Wanjiru. We nijue tu."

"Na kuwaambia ni mimi? Hiyo nayo ilikuwa kamati?"

Akapiga gurudumu la pikapu kwa ncha ya kiatu.

"Hawa ni watu wa mama yangu," akasema. "Walinizunguka jana wote, wameona matangazo ya bendi, wananiuliza. Mimi nitazikwa karibu na hapa. Lazima nirudi hapa. Wewe si lazima urudi. Wewe unaweza kwenda kwenu."

Kwenu.

Si mwenyekiti aliyesema. Si mlevi wa kituo cha mabasi. Ni Okoth, anayejua kwamba kwetu ni nyuma ya soko la Kibuye, ambaye amelala kwenye kochi la baba yangu akiwa na homa na mama yangu akimkamulia limau. Nilimwangalia tu nikitafuta mahali ambapo huyu Okoth mwingine alikuwa amejificha miaka hii yote.

Safari ya kurudi siikumbuki. Nakumbuka wazo moja tu: filamu wameiharibu, lakini kanda ya asili ninayo. Nitaichukua, nitabeba runinga yetu ndogo na mashine moja, nitarudi Ahero, niweke juu ya meza ya Mama Dorina na kubonyeza. Asikie sauti yake. Ajisikie akiniita mtoto wake. Hata sitahitaji kujieleza.

Niliingia chumbani kwetu nyuma ya duka la fundi. Kanda ilikuwa pale pale kwenye rafu, mwandiko wangu ukisomeka: isifutwe. Nikaigeuza.

Pale nilipovunja kipande cha plastiki, mtu alikuwa ameziba tundu kwa selotepu.

Wenye kazi hii wanajua maana yake. Ukiziba tundu lile mashine inadanganyika, inakubali kurekodi tena. Kanda haifutiki hivyo kwa bahati mbaya. Unatafuta mkasi, unakata selotepu, unaibandika na kuilainisha kwa kidole gumba. Ni ujanja ambao Okoth mwenyewe alinifundisha mwaka wetu wa kwanza, tulipokosa kanda mpya tukarekodi harusi juu ya harusi.

Niliicheza hata hivyo. Nilikaa sakafuni nikaitazama yote. Vijana wenye mashati ya kung'aa, bwawa la kuogelea, meneja wa hoteli akipunga mkono. Nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma. Mwishoni kabisa, baada ya bendi, kimebaki kipande kifupi cha Ahero ambacho hakikufikiwa. Wimbo umekwisha, akina mama wanafunga leso zao na kunywa maji, mmoja anauliza kama ile kitu bado inatutazama. Sauti yangu inajibu, haitazami tena. Ndio mwisho.

Sijui naomboleza nini zaidi. Rafiki nilimpoteza mchana. Lakini kanda ile ilikuwa na wanawake wakiimba vile hawataimba tena kwa ajili yangu, na hakuna mtu mwingine aliyewarekodi, na mmoja wao ni mzee sana. Okoth angeweza kukata filamu akaacha kanda. Kukata kuliagizwa na kamati. Kufuta hakukuagizwa na mtu. Alifuta kwa sababu alijua nitakwenda kuwaonyesha. Alinijua vizuri kiasi hicho, na ujuzi huo ndio alioutumia.

Niseme ukweli wote, kwa kuwa hakuna anayenisoma. Nusu yangu inataka kumwachia. Nichukue mashine moja, nimwachie moja, nirudi kwenye vipuri vya baiskeli, nisikanyage Ahero tena. Baba ameniuliza kama watu waliifurahia filamu nikasema ndiyo, sana. Ameridhika, amelala. Ilikuwa rahisi kusema. Na ni rahisi pia kuona jinsi mtu anavyoweza kuishi hivyo, akiambiwa hapa si kwako kidogo kidogo, naye akikubali kidogo kidogo, mpaka siku moja anafungasha na kusema ameamua mwenyewe.

Nimekaa nikijiuliza nitawaambia nini. Ushahidi sina. Nina kanda ya hoteli na kipande cha selotepu. Mama Dorina ana neno la mtoto wa dada yake, mimi nina neno langu, na mimi ndiye niliyetoka nje badala ya kusema. Akichagua kumwamini yeye, nitamwelewa. Nitaumia, lakini nitamwelewa.

Ila hawezi kuchagua kama hajanisikia.

Nitamwambia kwa Kijaluo, ameketi, kabla hajaenda shambani. Nitamwambia nilichorekodi, nani alikikata, nani alikifuta na kwa nini. Nitamwambia pia kwamba sikujua jukwaa lao limepewa wengine, na kwamba aliyelitoa ni kamati, ili waende kwa mwenyekiti wakiwa na sare zao wamuulize wenyewe. Nikifukuzwa, nitaenda tena wiki ijayo. Watu wa hapa hufukuzana na kurudiana kila siku, nimewaona, nimewapiga picha.

Okoth alisema mimi si lazima nirudi. Kesho asubuhi narudi.